Baraka Uliyoifuta

Wanjiru,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua: uko chumba cha pili, umefunga mlango, na lile sanduku jipya limesimama kwenye korido likisubiri asubuhi. Hali yangu nayo unaijua, kwa sababu uliniona nikiacha chakula na kutoka nje. Nina hasira. Nilijaribu kuanza kwa upole nikachana karatasi, kwa hivyo utanivumilia nianze na hasira yenyewe.

Umeniambia nipumue. Nimekaa mezani kwangu hapa Kiamunyi, kwenye nyumba niliyoijenga chumba baada ya chumba, chapati mkononi, na binti yangu ananiinulia kiganja na kusema, "Dad, pumua kwanza. Iangalie tu hiyo hasira, usiijaji." Kisha ukafumba macho, ukavuta pumzi polepole puani, ukaitoa mdomoni, ili nikuige. Mama yako alitazama sahani yake. Mimi nilitazama uso wako uliotulia na nikatamani kuirusha ile chapati ukutani. Sikuirusha. Nilitoka nikasimama karibu na tangi la maji mpaka baridi ikaniingia miguuni, kisha nikarudi kukuandikia, maana kwa mdomo ningepiga kelele na wewe ungefumba macho tena.

Mambo ya pasipoti, soksi nzito, dawa ya tumbo na yule dada wa kanisani atakayekupokea Ujerumani, mama yako ameshayasema na atayasema tena asubuhi. Sitayagusa. Mimi nina moja tu, nalo ni la Jumapili, nyumbani kwa nyanya yako, Gogo, kule Keringet. Nilipolitaja mezani ulidhani naikasirikia video. "Lakini Dad, si wewe ndiye ulishika simu?" ukaniuliza. Ni kweli, nilishika. Nitafika hapo, na sitajificha.

Kwanza hayo masomo yako. Umekuwa ukishuka mjini kila asubuhi, kwa ile kampuni inayowapeleka nje, kusomea namna ya kuishi na watu wa tamaduni nyingine. Sikuyadharau. Siku ya kwanza ulirudi na zoezi la zabibu kavu. Mtu anaiweka ulimini, anaihisi mikunjo yake, anaitafuna kana kwamba hajawahi kula kitu maishani. Nilikucheka, lakini moyoni nilisema huyo mwalimu si mjinga. Ulinisimulia alivyosema: kwamba anayeweza kukaa hivyo na zabibu, akaiona ilivyo kabla ya kuamua ikoje, ataweza kukaa hivyo na mtu asiyemjua. Hatamsoma kutoka kwenye karatasi. Atamtazama. Nilipenda maneno hayo mpaka nikayarudia kwa wenzangu wa kazini, na nikawa nasubiri kukuona ukiyatumia.

Nilichokiona ni orodha zikiongezeka. Wajerumani hawataki mtu achelewe. Usimuulize mtu mshahara wake. Mwangalie machoni mnaposalimiana. Ukazikariri zote, ukasifiwa, ukapewa cheti cha kusema wewe ni mahiri wa tamaduni. Na ile zabibu ikageuka kuwa kitu cha kufanyiwa chumbani asubuhi, mlango umefungwa, simu ikikuambia kwa sauti ya mama fulani wa Kizungu kwamba sasa uko hapa. Mama yako akigonga kukuuliza kama utakunywa chai, unanyamaza. Hauko hapa kwa mama yako. Uko hapa kwa yule wa simu. Hasira yangu ilianzia hapo, kabla ya Keringet, na nilikosea kutoisema ilipokuwa bado ndogo.

Sasa Jumapili. Kampuni iliwataka kila mmoja alete video ya dakika moja: mila ya kwao, na yeye mwenyewe akiieleza kwa Kijerumani. Ukachagua baraka ya Gogo. Ulituambia ndani ya gari tukipita Molo, kwa furaha, na mimi nikasema ni wazo zuri. Mama yako aligeukia dirisha. Nilidhani anatazama mashamba.

Gogo alikuwa ametungoja tangu asubuhi. Uwanja umefagiliwa, leso ya maua kichwani, ile ya kanisani. Kibuyu cha mursik alikuwa amekitayarisha mwenyewe. Unajua kazi yake: kukisugua ndani kwa kijiti kilichochomwa, kukijaza maziwa, kuyangoja siku baada ya siku yagande sawasawa. Ameyafanya hayo na macho ambayo hayaoni tena vizuri. Hayo maziwa hakuyaweka ya kunywa. Aliyaweka ya kukubariki.

Akakuita Cherotich, jina ambalo ni yeye peke yake analitumia, kwa kuwa ulizaliwa jioni ng'ombe wakirudi. Akakusimamisha katikati ya nyumba, kwenye giza kidogo, palepale alipomsimamisha mama yako siku tulipooana. Akapiga funda moja la maziwa, akaweka mkono wake kichwani mwako, akakunyunyizia kifuani kwa mdomo. Usidhani ni ajabu ya upande wa mama yako. Hata kwetu Wakikuyu wazee walikuwa wakitutemea mate kifuani tukisafiri. Halafu akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Mimi Kikipsigis changu ni cha kuombea chumvi, lakini katikati nililisikia jina la mama yangu mzazi, yule uliyepewa jina lake. Mama yako amenieleza leo alichokuwa akisema: alikuwa anamwomba mama yangu, huko aliko, akushike mkono mmoja, na yeye Gogo akushike huu mwingine. Wale wanawake wawili walikutana mara chache sana, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake. Walikuwa wanaelewana kwa kupeana vitu. Na huyu mmoja akamkumbuka mwenzake marehemu, ndani ya sala yake mwenyewe, kwa ajili yako.

Wewe ulikuwa unatazama simu kupitia bega lake. Nami nilikuwa natazama kioo cha hiyo simu, nione kama nyote wawili mmeingia.

Alipomaliza ukanichukulia simu mkononi, gauni likiwa bado linadondosha maziwa, ukaicheza. "Aki Dad, ni giza tupu. Na umemkata Gogo kichwa." Kisha ukamgeukia, kwa adabu, siwezi kusema hukuwa na adabu: "Gogo, tafadhali turudie kidogo tu. Simama hapa karibu na dirisha, kuna mwanga poa."

Gogo akamuuliza mama yako unasema nini. Mama yako alichukua muda kabla ya kumtafsiria. Ungemtazama hapo, Wanjiru, hata kwa nusu ya umakini ulioipa zabibu, ungejua uache. Gogo akasikiliza. Akajipangusa mdomo kwa upindo wa leso. Akakichukua kibuyu, akakifunika kifuniko chake, akakirudisha mahali pake ukutani. Ndipo akaja dirishani uliposema, akainua mkono ulivyotaka, akasogeza midomo, na akapuliza. Pumzi tu. Hakukuwa na maziwa, hakukuwa na neno. Macho yake yalikuwa ukutani, juu ya kichwa chako.

Kwenye kioo ilipendeza. Mwanga ulimpiga shavu, mikunjo yake yote ikaonekana, na wewe umeinamisha kichwa vizuri. Mimi niliona kabisa kwamba mdomo ulikuwa mtupu. Niliona, na nikasema, "Safi." Hilo neno ni langu na nimekuwa nalo tangu Jumapili. Nilikuwa na wasiwasi wa video kuliko wewe, nikitaka hao watu wa Ujerumani waone mtoto wangu anatoka mahali penye heshima. Nikauza heshima yenyewe ili ionekane. Kwa hivyo ukisoma hasira hii, ujue nusu yake haikuhusu wewe.

Lakini nusu nyingine inakuhusu. Kwenye gari tukirudi ulisema simu imejaa, ukaifuta ile ya kwanza. Ukaweka ya pili kwenye status yako, watu wakakumiminia mioyo. Kampuni nayo ikakuandikia kwamba umeonyesha umahiri mkubwa wa kuelewa utamaduni. Uliisoma kwa sauti hapa sebuleni. Hakuna hata mmoja wa hao waliokusifu aliyejua anamtazama mwanamke mzee anayekunyima kitu.

Ngoja nikupe mambo yangu, usije ukafikiri nakuandikia kutoka juu ya mlima.

Nimeendesha kombaini karibu maisha yangu yote. Msimu ukianza tunavuna ngano Njoro, tunapanda Mau, tunashuka upande wa Narok, na kila mahali watu ni wengine na salamu ni nyingine. Nilijifunza salamu zote. Nilijivunia, nikawa natambia madereva wenzangu kwamba mimi naweza kulala boma la yeyote. Mwaka mmoja, huko Narok, mzee wa Kimaasai mwenye shamba alikuja asubuhi akasimama mbele ya mashine. Nikamsalimu kwa Kimaasai, sawasawa kama wao wanavyosalimiana, nikiwa juu kwenye kiti, injini ikinguruma. Akainua mkono. Akangoja kidogo. Kisha akaondoka, akaenda kukaa pembeni mwa shamba, na mimi nikaingia kwenye ngano nikijisifu jinsi ninavyojua watu. Kabla ya saa sita meno ya mbele yakagonga mwamba uliofichwa na ngano, yakapindika yote. Nilishuka nikimfokea yule mzee, mbona hukuniambia kuna jiwe?

"Nilikuja," akaniambia. "Ulinisalimu vizuri sana."

Hakuwa na kejeli. Alikuwa ananieleza kilichotokea. Alikuja na habari ya mwamba, akakuta mtu mwenye salamu nzuri ambaye hana nafasi ya kusikia kitu kingine. Injini ningeizima kwa kidole kimoja.

Na kabla ya hapo, kwa Gogo huyohuyo, siku ya kwanza nilipopelekwa kutambulishwa. Rafiki yangu aliyejidai kuwajua Wakalenjin, watu wa mama yako, alinipa sheria: ukipewa maziwa usikatae, kunywa yote. Basi nikanywa. Gogo akaniongezea, nikanywa. Akaniongezea, nikamaliza tena, jasho likinitoka, nikidhani napasua mtihani. Mwishowe akakiinamisha kibuyu kabisa na matone machache yakatoka. Akaniangalia kwa muda, akamuuliza mama yako kitu, na mama yako akaangua kicheko mpaka akatoka nje. Ni baada ya harusi ndipo aliniambia swali lilikuwa nini: "Huyu ana kiu ama anaogopa?" Na aliniambia pia kwamba babu yako, aliyekuwa ameketi mkono wangu wa kulia, hakupata hata tone siku hiyo. Kikombe chake kilikuwa kikavu mbele yangu muda wote. Sikukiona. Nilikuwa nimeshika sheria kwa mikono miwili, ningekionea wapi?

Unaona Gogo alivyofanya lakini. Hakunichukia. Alimwona mvulana mwoga ambapo wengine wangemwona Mkikuyu mlafi, kwa sababu yeye alikuwa anatazama. Hakuwa na cheti, na sisemi vyeti ni vibaya, sema tu alikuwa anatazama.

Nitakuambia kinachoniuma zaidi, na nitakuambia kwa ufupi kwa kuwa sipendi kukiandika. Ulikuwa mdogo ule msimu mbaya baada ya uchaguzi, watu wetu wa bonde hili walipochomeana nyumba. Mtu asikudanganye kwamba ilikuwa kwa kutojuana. Tulijuana. Watu wa mama yako walijua tunavyozika na tunavyooa, sisi tulijua wanavyotahiri na wanavyogawa ng'ombe. Tulikuwa tunasalimiana kwa lugha za wenzetu sokoni bila kukosea. Waliochoma walijua majina ya watoto wa waliochomewa, na hapo nasema wa pande zote, wa kwetu na wa kwao. Ujuzi ulikuwepo tele. Kilichopotea ni kwamba mtu alimtazama jirani yake akaona kabila, akaacha kumwona jirani. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema amehitimu kujua watu, mwili unanisisimka.

Siku hizo sisi tulikuwa tumejifungia humu ndani, na Gogo akapata simu ya mtu akampigia mama yako. Mama yako alikuwa tayari kwa habari za nani amekufa na nani amehama. Gogo alimuuliza kitu kimoja tu: Cherotich amekula? Hukuwa umekula. Tulikuwa tumeshughulika na hofu yetu mpaka tukakusahau umekaa pale sakafuni, mchana kutwa. Yeye yuko Keringet, mbali, na ndiye aliyekuona.

Huyo ndiye uliyemwambia asogee kwenye mwanga.

Najua utasema nini. Utasema ni kizazi, utasema video ni njia ya kuhifadhi, utasema Gogo angeweza kukataa. Angeweza. Alikataa, Wanjiru. Alikataa mbele ya macho yako, kwa adabu kubwa kuliko yetu sote mle ndani, na wewe ukaiita baraka ukaisambaza.

Leo mchana mama yako alimpigia kumwambia kwamba safari ni kesho. Nilikuwa karibu. Aliongea naye kidogo, akakata simu, akakaa kitandani. Nilimuuliza mara mbili ndipo akaniambia maneno ya mama yake. Gogo alisema: "Nilimpa mbili. Akachagua ile tupu."

Hilo ndilo nililotaka kukuambia mezani. Sikufika, maana sauti yangu ilipanda na wewe ukaniinulia kiganja.

Sasa nisikilize. Mimi si mtu wa kuogopa laana, na Gogo hajakulaani, hilo nalijua. Ninachoogopa ni kitu kingine. Unaenda kufanya kazi ya kutunza wazee. Wiki ijayo utakuwa unamwosha bibi wa watu ambaye lugha yake unaijua kidogo, anayejua watu wa kwenu kidogo zaidi, na ambaye huenda hatakupenda. Atakuwa na njia yake ya kukataa. Labda atageuza uso. Labda atarudisha kikombe mahali pake. Hataandika kwenye karatasi, na haitakuwa kwenye orodha mliyopewa, kwa sababu aliyeiandika orodha hajawahi kukutana naye. Kama hukumwona aliyekusugulia kibuyu, huyo utamwonaje? Na yeye asipoonekana, hatakuwa na mjukuu wa kumtetea. Atakuwa na wewe tu.

Na wewe nawe utakuwa mgeni huko. Kuna watu watakaokutazama wakaona Afrika, wakakusalimu kwa maneno mazuri waliyosomea na injini inanguruma. Utachoka nao. Utaniandikia kwamba hawakuoni. Nitakuhurumia, kwa kuwa mimi ni baba yako, lakini nitakuwa nimekumbuka Jumapili.

Sitaki uache hayo mazoezi ya kupumua. Mwalimu wako alikufundisha kitu cha kweli, mkakiweka pabaya. Mtu hapumui ili atulie halafu aende kwa watu akiwa ametulia kama mlango uliofungwa. Anatulia ili nafasi ipatikane ndani, mwenzake aingie. Ulipofumba macho leo mezani nilikuwa mbele yako, uso umeniiva, na nilikuwa na kitu cha kukuambia. Ungeyafungua tu.

Nimeandika mpaka hasira imepungua kidogo, lakini haijaisha, na nimegundua kwamba chini yake kuna woga na huzuni. Wewe ni mtoto wangu pekee. Nilioa mtu wa kabila lingine wakati ndugu zangu walinikatalia, na ndugu zake wakamkatalia, na tulipokupata wewe tulisema basi, huyu atakuwa yule mtu ambaye sisi hatukuweza kuwa, hatahitaji kufundishwa. Tulikutwika hilo kabla hujajua kutembea. Labda ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja. Labda ndiyo maana nimekukasirikia kupita kiasi. Hata hivyo, mzigo huo sikutui.

Ndege yako ni ya usiku. Tukiondoka hapa alasiri tutafika Nairobi kwa wakati. Asubuhi yote ni yetu, na Keringet ni mwendo wa kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, mvua ikitusamehe. Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa nimekaa kwenye gari, na mama yako amesema naye atakuja. Sitakugongea mlango. Wewe ni mtu mzima.

Ukija, usimwombe akubariki tena. Kitu kile hakiombwi mara ya tatu, na ukikiomba atajua umekuja kuchukua. Usimletee sukari ya kuombea msamaha. Ingia, kaa kwenye kile kigoda karibu na moto, na umtazame. Kama atataka kusema, atasema. Kama atanyamaza mpaka tuondoke, basi umeketi na nyanya yako akinyamaza, na hilo pia ni kitu cha kubeba. Mimi nitakaa nyuma yako, maana nami nina neno langu la "safi" la kumjibia, na sijui nitalijibia vipi.

Nilimpigia kabla sijaanza kuandika. Nilidhani amelala. Nilimwambia kwa Kiswahili chetu kile cha kusaidiana, Mama, kesho asubuhi tunakuja kukuona. Kisha akaniuliza, pole pole, bila ubaya wowote kwenye sauti: "Ni yeye anakuja, ama ni simu?"

Nilitaka kumwambia ni yeye. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini huyo mama ameshapewa maneno matupu ya kutosha na mimi wiki hii, kwa hivyo nilimwambia ukweli, kwamba bado sijui.

Baba yako,
ambaye bado amekasirika, na atakuwa ndani ya gari